Mwisho wa Marashi ya Jana

9 Machi 1997

Shangazi yangu kipenzi,

Shikamoo. Mimi sijambo, kikohozi kimeniacha. Chumba nilichopanga kina dirisha linalofunguka nusu na jirani anayeimba nyimbo nusu. Mpe Baba salamu, mwambie goti lake alikande kwa maji ya moto na aache kupanda ngazi za shule mbio kana kwamba yeye ndiye mwanafunzi aliyechelewa. Na saluni je? Yule mteja aliyetaka nywele nyekundu zikatoka zambarau, ameshakusamehe?

Haya, sasa kaa chini. Nimepata kazi! Si ile ya benki aliyokuwa akiiota Baba. Ni ya televisheni.

Ni chaneli mpya ya kulipia, inayokuja kwa setilaiti. Unafunga dishi, unatia kadi kwenye king'amuzi, kila mwezi unalipa, nawe unapata burudani tupu, bila habari wala hotuba. Mkurugenzi wetu alikuwa na jumba la sinema mpaka watu walipoacha kwenda. Akasema, "Kama hawaji kwangu, nitawafuata sebuleni kwao." Tupo juu ya duka la magodoro, na kuta za studio tumezifunika kwa magodoro mabovu kutoka huko chini ili sauti isigonge. Jina lilikuwa Nyota Tisa, ikagundulika kuna viberiti vinaitwa hivyo. Likawa Chaneli ya Dhahabu, mchora mabango akaandika Dhahabi. Sasa ni Chaneli Kicheko, na nadhani jina limetuenea.

Siku ya kuzindua, mtambo ulianza kurusha matangazo mapema na sisi hatuna habari. Wateja wetu wa kwanza kabisa walimwona mkurugenzi kajisogeza kwenye kamera, anajaribu tai moja baada ya nyingine na kuuliza, "Hii inanionyesha tajiri au mgonjwa?" Simu zikalia ofisi nzima. Tukadhani ni malalamiko. Mama mmoja anapiga kelele, "Ya bluu! Mwambieni avae ya bluu!" Tangu hapo kila Ijumaa tuna kipindi cha Tai ya Wiki, na ndicho kinachopendwa kuliko vyote.

Mimi kazi yangu ni kukaa mbele ya kamera na kusema kinachofuata. Mara nyingi sikijui. Natabasamu na kubahatisha.

Mimi mwanao,
Kasuku

30 Machi 1997

Kasuku wangu,

Marahaba, marahaba. Sisi wazima. Yule wa nywele za zambarau amerudi na dada zake wawili, nao wanataka zambarau. Nimewaambia rangi ile siwezi kuipata tena hata nikifungwa jela.

Baba yako alisoma barua yako akiwa amesimama, akaketi, akasimama tena. Akasema, "Mtoto nimemsomesha hesabu, amekwenda kuchekacheka kwa watu." Nikamwambia, kaka, mtoto huyu toka ana miaka minne alikuwa akimwigiza mkunga, mchinjaji na wewe mwenyewe, kwa hiyo ulitegemea awe nani? Akaenda kulisha kuku. Kuku walikwisha kula.

Nimefunga dishi hapa saluni. Alikuja fundi mmoja, mrefu, mkimya, viatu anavua mlangoni bila kuambiwa. Akapanda juu, akashuka, akawasha. Picha ikaja na mvua tupu. Nikamwambia, "Bwana, nimelipia watu, si manyunyu." Akapanda tena, na safari hii ukatokea wewe! Nilipiga ukelele mteja akaruka na rola zote kichwani. Lakini mwanangu, ile blauzi! Nani amekuvalisha pazia? Nakutumia mbili nilizomshonesha jirani. Ya kijani uvae Jumatatu, siku hiyo saluni hainiletei watu wengi na nitakuwa na nafasi ya kukutazama vizuri.

Fundi amesema itabidi arudi kuangalia waya. Wateja wameshambatiza Bwana Waya. Kula vizuri, kwenye kioo unaonekana shingo tu.

Shangazi yako

18 Mei 1997

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Blauzi zimefika, ya kijani mkurugenzi aliisifu akauliza kama fundi anashona na tai. Mimi mzima, shingo imeanza kupata mwili. Mwambie Baba nahesabu: kila siku nahesabu dakika zilizobaki kabla kipindi hakijakwisha na kingine hakijapatikana.

Shangazi, tumenunua tamthilia! Inaitwa Marashi ya Jana, na imetoka nchi ya mbali ambako watu hulia wakiwa wamevaa vizuri sana. Kuna mjane mmoja amerithi kiwanda cha marashi. Ana dada mbaya, ana mama mkwe mbaya zaidi, na ana wanaume wawili wanaomtaka: wakili mwenye masharubu na mhandisi wa mitambo asiyesema mengi. Tatizo lugha. Hakuna anayeielewa, tunategemea karatasi za muhtasari zilizokuja na kanda. Mkurugenzi akasema tutaweka sauti zetu, akaajiri waigizaji wanane, kisha akapiga mahesabu, akabaki na mimi na fundi sauti wetu tunayemwita Kipaza.

Basi wanawake wote ni mimi. Mjane, mimi. Dada mbaya, mimi nikiwa nimebana pua. Mama mkwe, mimi nikiwa na pipi mdomoni. Wanaume wote ni Kipaza, na farasi pia ni yeye, tena farasi anamweza kuliko wakili. Juzi mjane na dadake walizabana vibao huku wanatukanana. Nikajitukana mwenyewe kwa kasi mpaka pipi ikanipalia. Kipaza hakusimamisha mashine. Ukisikia mama mkwe anakohoa kwa uchungu wa moyo, ujue ni mimi nakaribia kufa.

Saa kumi za jioni, kila siku ya kazi. Usikose.

Kasuku

6 Julai 1997

Kasuku wangu,

Marahaba. Nyumbani salama, goti la baba yako linaendelea vizuri, na ndilo limekuwa kisingizio chake. Kila ikifika saa kumi, goti linamuuma akiwa hapa mlangoni kwangu, na inambidi aegemee ukuta kidogo. Anaegemea mpaka tamthilia imalizike. Ukimuuliza anasema yeye hatazami, anapumzika. Jana nilimkuta anamwambia muuza mkaa, "Yule wakili ni mnafiki, tazama anavyoshika kikombe."

Mwanangu, umetuvuruga mtaa. Nimewakausha wateja wanne kwa wakati mmoja chini ya madraya na hakuna aliyetaka kutoka. Mmoja nilimpaka dawa ya kulainisha, mama mkwe akaanza kuufukua wosia uliofukiwa bustanini, nami nikasahau kuosha. Alipotoka nywele zilikuwa laini kama uji. Hakulalamika. Aliuliza tu, "Lakini wosia aliupata?"

Nikuulize kitu, wewe uliye karibu na mambo hayo. Huyu mjane ni mtu mzima. Ana kiwanda chake, ana watu wanaomheshimu, amezoea kulala katikati ya kitanda. Sasa huyu mhandisi kila mara anakuja kurekebisha mtambo ambao sote tunaona hauna ubovu. Akikubaliwa, watu si watacheka? Na kaka yake atasema nini? Nakuuliza kwa sababu ya hadithi tu.

Picha yetu ni safi. Bwana Waya alipita Jumanne kuangalia waya. Na Alhamisi.

Shangazi yako

24 Agosti 1997

Shangazi,

Shikamoo. Hatujambo wote, kazi tele, furaha tele! Samahani nimekawia na samahani barua ni fupi. Mambo ni mazuri. Mkurugenzi amebeba kiti chake amekipeleka nyumbani, anasema mgongo. Wamekuja wageni wenye suti kupima vyumba kwa kamba, labda wanataka kutupanulia. Kanda za Marashi ya Jana zimechelewa kidogo, kwa hiyo tutarudia vipindi vya nyuma, watu wafurahie tena.

Mjane hana kaka, Shangazi. Nimepitia karatasi zote. Ana dada tu.

Hivi pale saluni mnahitaji mtu wa kuosha vichwa? Nauliza kwa utani.

Kasuku

14 Septemba 1997

Kasuku,

Sisi wazima, kuku wazima, goti zima. Nimekujibu siku ileile niliyopata barua yako kwa sababu imenikera.

Nimekulea toka mama yako alipotuacha. Najua ukiwa na furaha unavyoandika: unasimulia mpaka karatasi inakwisha, unamalizia pembeni. Safari hii umeandika "furaha tele" na nusu ukurasa mtupu. Mtu anayehamisha kiti chake kutoka kazini hana maumivu ya mgongo. Na watu wenye suti hawapimi vyumba vya watu wengine kwa upendo.

Hapa kipindi cha sabini na mbili kimerudiwa mpaka wateja wanakisema kwa pamoja na wewe. Mjane kasimama kwenye ngazi, mkono moyoni, anataka kuwaambia neno, na hapo ndipo mnatukatia. Watu wanakuja kwangu kana kwamba kanda nimezificha chini ya sinki. Mkunga, mtu mzima na akili zake, amenishika mkono akasema, "Niambie tu kwa siri, anamchukua nani?"

Nataka ukweli. Usinifiche.

Hapa kwangu hakuna jipya. Mambo ya Bwana Waya usiniulize.

Shangazi yako

12 Oktoba 1997

Shangazi,

Shikamoo. Sijauliza lolote kuhusu Bwana Waya. Umemleta mwenyewe.

Ukweli ni huu. Chaneli imeuzwa. Kampuni kubwa yenye chaneli nyingi imetununua, na mwezi wa Desemba Kicheko inazimwa. Mahali petu patawekwa mpira, mchana na usiku. Wenye tamthilia waliposikia, wakazuia kanda zilizobaki. Sikukuandikia kwa sababu Baba alitabiri kwamba kazi hii itaota mbawa, na sikutaka awe amepatia. Nililia siku mbili kwa sauti ya mjane na moja kwa sauti ya mama mkwe. Kipaza akanizomea: "Lia kwa sauti yako, bwana, hizo nyingine ni mali ya ofisi." Nikacheka mpaka machozi yakanisahau.

Na katika kucheka huko ndipo tulipopata wazo. Shangazi, midomo ya wale watu haijawahi kulingana na maneno yetu hata siku moja! Tuna vipindi sabini na viwili vya picha. Mjane akipanda gari, akifungua dirisha, akigeuka, yote tunayo. Tunakata hapa, tunaunga pale, tunawatia maneno mapya, na tamthilia inakwisha kama tunavyotaka sisi. Tulimwendea mkurugenzi tukidhani atatufukuza. Alisimama akavua tai, akasema, "Nilifunga sinema yangu katikati ya filamu, watu wakarudi nyumbani bila kujua mwisho. Safari hii hapana. Malizeni."

Tatizo letu ni mjane anamchukua nani. Kipaza anataka wakili kwa sababu masharubu yanaficha mdomo na kazi inakuwa rahisi. Mimi namtaka mhandisi, lakini sijui mjane atasema nini. Mwanamke wa umri ule, mwenye kazi yake, anayeogopa watu watacheka. Anafunguaje kinywa? Mimi sijui. Nadhani wewe unajua.

Nimekuambia ya kwangu yote. Sasa niambie, dishi gani hilo linalorekebishwa Jumanne na Alhamisi tangu Machi? Hata daraja la reli halijapata matunzo hayo.

Kasuku wako

2 Novemba 1997

Mtoto mtundu wewe,

Marahaba. Nimekaa na barua yako ndani ya aproni wiki nzima, ikalowa dawa ya nywele, ndiyo maana hii ninayokujibu inanuka.

Kwanza, huna haja ya kumwogopa baba yako. Nilimsomea habari ya kuuzwa. Akasema, "Mpira? Kutwa?" kwa sauti ya mtu aliyeibiwa. Hakusema tena neno la benki.

Pili. Ndiyo. Ameniuliza. Ilikuwa Julai, mchana, ana koleo mkononi. Akasema, "Mama, hili dishi halina ubovu wowote. Sijui utaniruhusu nije bila ubovu?" Mimi nikamjibu kama mjinga, nikamwambia nitaangalia ratiba. Ratiba! Toka siku hiyo anakuja, anakunywa chai, anakaza skrubu iliyokaza, anaondoka. Hajauliza tena. Na mimi kila nikitaka kusema, naona uso wa kaka yangu, naona wateja wanavyominyana viuno, naona marehemu mume wangu kwenye picha ukutani, ingawa yeye, Mungu amrehemu, alikuwa mcheshi na pengine angeniuliza nasubiri nini.

Umeuliza mjane atasema nini. Usimtilie maneno ya mapenzi, atakuwa mwongo. Mtu mzima haongei hivyo. Mfanye aseme: "Nimezoea kuwa peke yangu, na ninamudu. Sikuhitaji. Ninakutaka tu, na hilo ndilo lililonitisha." Halafu aseme mchana, mlango wazi, watu wanasikia. Akisema kwa kificho atakuja kujikana kesho yake.

Ni kwa ajili ya tamthilia.

Shangazi yako

30 Novemba 1997

Shangazi, Shangazi, Shangazi!

Shikamoo mara tatu. Mimi mzima kupita kiasi, nimelala kidogo, nimekula mkate wa jana. Tumemaliza!

Nilipoyasema maneno yako ndani ya chumba cha magodoro, Kipaza alisimamisha mashine. Hajawahi kusimamisha, hata nilipopaliwa. Akavua visikilizi vya masikioni, akauliza, "Nani ameandika hayo?" Nikamwambia mtaalamu wa nywele. Mama anayefagia ofisi alikuwa ameegemea mlango, akasema, "Mwambieni huyo mtaalamu ahamie hapa."

Kuunganisha picha kulitutoa jasho. Mjane anaanza kusema akiwa na gauni jeupe, katikati ya sentensi anakuwa na jekundu, anamaliza na kofia. Hatukuwa na picha yake na mhandisi wakiwa peke yao, kwa hiyo farasi yupo kati yao muda wote, na Kipaza akakataa katakata farasi akae kimya. Itakuwa Ijumaa tarehe 19 Desemba, saa kumi. Baada ya hapo Tai ya Wiki ya mwisho, mkurugenzi atavaa zote, kisha tunafunga.

Usiwe na wasiwasi juu yangu. Kampuni kubwa ina chaneli ya watoto, wamesikia habari ya mtu mmoja mwenye sauti nyingi, wakaniita. Nilimwigiza aliyekuwa akinihoji mbele yake. Nilidhani nimejiharibia. Akacheka mpaka akaagiza maji. Naanza Februari, bata, sungura na bibi yao, na nimewaambia bila Kipaza siji, maana farasi wao ni dhaifu.

Kuhusu kipindi, mhandisi anatoa jibu lake mwishoni kabisa. Sikuambii.

Kasuku wako

21 Desemba 1997

Kasuku wangu, mwanangu, roho yangu,

Marahaba. Sisi wazima wote, ila mmoja anachechemea, na safari hii si baba yako.

Ijumaa saa nane saluni ilikuwa imejaa. Saa tisa watu walikuwa madirishani. Mkunga kaja na kiti chake mwenyewe. Wale dada wa zambarau wameketi juu ya sinki. Baba yako hakuegemea mlango, alipita katikati ya watu akaketi kiti cha mbele kabisa, cha mteja, akajizungusha akatazama, akasema, "Msije mkaniuliza goti." Ilipobaki kidogo saa kumi, upepo ukavuma, picha ikaanza kupigapiga. Watu wakapiga yowe. Bwana Waya akavua viatu, akapanda paani akalishika dishi kwa mikono miwili. Picha ikatulia kama maji kwenye beseni.

Mwanangu, umetuua. Tumelia tangu yule dada mbaya alipoomba msamaha, tukacheka farasi alipodakia. Kisha mjane akasimama. Gauni jeupe. Akasema, "Nimezoea kuwa peke yangu, na ninamudu." Gauni jekundu. Hakuna aliyejali gauni. Mimi nilikuwa nimeshika chanuo, na nilisikia maneno yangu yakitoka kwa sauti yako, mbele ya mtaa mzima, mchana, milango wazi. Mkunga anafuta macho na taulo langu, anasema, "Huyu mwanamke ana akili." Hakuna aliyecheka, Kasuku. Nilitazama nyuso zao zote. Hakuna hata mmoja aliyecheka.

Basi sijui miguu ilinitoaje. Nikajikuta nje uani, chanuo mkononi, natazama juu. Nikaita jina lake, lile la kwao. Nikasema, "Ile ratiba nimeiangalia!"

Akauliza, "Inasemaje?"

Nikasema, "Njoo bila ubovu! Njoo na masanduku yako!"

Aliliachia dishi, Kasuku. Lote! Ndani ikasikika kelele kama paa limeanguka, maana kioo kiligeuka cheupe mjane akiwa ameshatia kofia na mhandisi amefungua kinywa. Watu wakatoka mbio, baba yako mbele yao wote, anatikisa kidole angani: "Rudisha picha! Wewe bwana, mwoe dada yangu baadaye, rudisha picha kwanza!" Kisha akasikia alichosema. Akanitazama. Akaniambia taratibu, "Ulidhani nitakataa? Mimi nimechoka kumwona mtu mzima anapanda juu kila wiki bila sababu." Akanishika bega, akaanza kunifokea tena kuhusu picha.

Picha haikurudi. Tulipofanikiwa kulielekeza dishi, mkurugenzi alikuwa tayari amejifunga tai zake zote shingoni, anatupungia mkono na kulia.

Harusi itakuwa Januari, kabla hujaenda kwa bata. Njoo na Kipaza, na kama mkurugenzi ana nafasi, aje na tai moja tu. Lakini kwanza niandikie upesi, maana mtaa mzima uko hapa mlangoni na mkunga amekataa kwenda nyumbani. Yule mhandisi alijibu nini? Wangu mimi hakunijibu neno. Aliruka tu chini, na ngazi ilikuwa upande wa pili.

Shangazi yako